Kola ya Inchi 14

Tanga, Jumapili, 7 Januari 2024

Daftari hili lilikuwa la oda. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya watu: kifua, bega, mkono, shingo. Nimeligeuza naanzia nyuma, maana kuanzia leo mteja ni mimi mwenyewe.

Jana jioni nililazwa chini. Halikuwa pambano, yalikuwa mazoezi tu, glovu za aunsi 16 na kofia ya kinga kichwani, na bado yule kijana wa mkono wa kushoto alinipata pembeni ya kidevu nikajikuta natazama mabati. Kocha anasema sikumaliza sekunde tano pale chini. Mimi sina kumbukumbu ya kuanguka. Ngumi sikuiona, halafu mabati nikayaona.

Taya haliniumi. Kinachouma ni shingo, upande wa kulia, kutoka nyuma ya sikio hadi begani, kama mtu kapitisha uzi humo ndani akauvuta mpaka kitambaa kikajikunja. Kocha alinishika hapo kwa vidole viwili, vile watu wanavyomkagua kuku sokoni. "Kidevu ni kengele tu," akasema. "Kamba yake hii hapa. Na yako ni uzi wa cherehani." Vijana wakaangua kicheko. Jina la Korongo ninalo tangu shule ya msingi. Jana limepata ushahidi.

Kanipiga marufuku kupigana siku 30. Ndivyo kanuni za ngumi za ridhaa zinavyotaka bondia akipigwa KO kwa pigo la kichwa, na Kocha hazipunguzi hata kama umeangukia uani kwake bila refa.

Asubuhi hii nimejipima. Futi chini ya koromeo, bila kukaza, pumzi imetulia. Inchi 14. Kwenye boksi la Mjomba la karatasi ngumu za kukatia kola, 14 ndiyo ndogo kuliko zote za watu wazima. Chini yake ni sare za shule.

Jumatano, 10 Januari

Kichefuchefu kimeisha, jua la saa sita halinichomi tena macho. Nimerudi kwenye cherehani.

Mchana kaja yule dada mtaalamu wa fizio kuchukua suruali zake mbili za kazini. Alisimama mlangoni akinitazama nikimalizia pindo, wala hakupiga hodi. "Fundi, unajua kichwa chako kina kilo ngapi?" Nikamwambia sijawahi kukiweka kwenye mizani. Kilo tano hivi, akasema, kikikaa wima. Ukikiinamisha, misuli ya kisogoni inashikilia zaidi ya hapo. Daktari mmoja wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa mwaka 2014 kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60 shingo inabeba kama kilo 27. Nyuzi 60 ndipo ninapoiona sindano vizuri.

Kumbe miaka sita hii nabeba nusu mfuko wa saruji kisogoni kuanzia saa mbili asubuhi, halafu jioni naupeleka ulingoni ukapigwe.

Jingine kaniambia: shingo ya binadamu ina pingili saba, na twiga naye anazo saba zile zile, ila zake ndefu. Ndege wana hesabu yao. Korongo anazo zaidi ya maradufu. Basi hata jina wamelikosea.

Jumapili, 14 Januari

Nimeanza. Kocha haandiki kitu, kwa hiyo naandika mimi.

Wiki mbili za kwanza hakuna kubeba chochote. Kiganja kwenye paji la uso, kichwa kinasukuma mbele, kiganja kinakataa, hakuna kinachosogea, hesabu kumi. Kisha vidole vimefumbatana kisogoni, kichwa kinasukuma nyuma. Kisha kulia, kisha kushoto. Kila upande mara tano. Kwa mtu wa mbali unaonekana unagombana na mkono wako mwenyewe. Mtoto wa jirani kaita wenzake waje kuona.

Nguvu zote, anasema Kocha. Nusu ya nguvu, uongeze taratibu, kasema dada wa fizio nilipompigia simu. Nimemsikiliza dada.

Yeye kanipa na la kwake: kurudisha kidevu ndani bila kuinamisha kichwa, kama mtoto anayekikwepa kijiko cha dawa. Halitoi jasho, halionyeshi misuli, na ukilifanya mbele za watu unaota kidevu cha pili. Anasema linaiamsha misuli midogo iliyo mbele ya pingili, ambayo kwa mtu wa cherehani imelala. Ukitaka kujua imelala kiasi gani, lala chali sakafuni, rudisha kidevu, inua kichwa unene wa kidole kimoja, ushike hapo. Nilijipa dakika nzima. Sekunde ya 11 kichwa kikaanza kutetemeka kama mkono wa mwanafunzi anayetunga sindano mara ya kwanza.

Jumanne, 23 Januari

Siku tatu kwa wiki: Jumapili, Jumanne, Ijumaa. Katikati shingo inapumzika. Nilitaka kila siku. Dada kaniuliza kama kitambaa kikishapigwa pasi nakipiga tena na tena mpaka kiungue.

Jumapili, 28 Januari

Futi: 14. Wiki mbili, hata upana wa uzi haujaongezeka. Mjomba kanikuta najipima mbele ya kioo cha wateja. "Unataka tai ya harusi?" Sikumjibu.

Hapa Tanga huwezi kumweleza mtu unafanya mazoezi ya ngumi asikutajie jina lile lile. Tangu Hassan Mwakinyo, mtoto wa hapa, amtoe Sam Eggington kwa TKO raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, kila mtaa una kijana aliyejifunga bandeji mikononi. Mjomba mwenyewe, ambaye ngumi haziwezi, bado anasimulia usiku ule kana kwamba alishika ndoo ya maji kwenye kona. Mimi nilianza mwaka uliofuata. Sikuwahi kufikiria shingo. Nilifikiria mikono, baadaye miguu, baadaye pumzi. Shingo ilikuwa mahali pa kufungia kola.

Leo Kocha kanipandisha darajani. Yeye ni mtu wa zamani, na kwa mtu wa zamani shingo ni Mike Tyson: inchi 20 hivi, ndivyo ilivyotajwa enzi zake. Boksi la Mjomba linaishia 17½. Tyson alikuwa akifanya daraja. Unalala chali, unajiinua mpaka uzito wako wote unakaa kwenye utosi na nyayo, kisha unabingirisha kichwa, paji la uso likitafuta mkeka. Kocha kalifanya mbele yetu, na umri ule, tumbo limeelekea mbinguni. Akanigeukia. Sikutaka, lakini na vijana wote wananitazama nikakubali shingo upande.

Mizunguko kumi. Ya saba kitu kikalia ndani, kidogo tu, kama kifungo kinachokatika.

Jumatatu, 29 Januari

Jana nilikubali shingo upande, leo nimeamka nayo. Haigeuki kulia kabisa. Kumsalimu Mjomba ilibidi nigeuke mwili mzima kama jeneza. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba. Unamsalimu nani, mimi au ukuta?"

Koti la suti la kaka wa bibi harusi lilikuwa la kesho. Kola ya koti ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote na leo sikuweza kuinama juu yake hata dakika mbili. Mjomba kaimaliza yeye, kimya, miwani puani. Hela ya koti kachukua yeye, na ni haki yake.

Jumatano, 31 Januari

Dada wa fizio hakunionea huruma. Kanipapasa, kanigeuza, kaniuliza maswali ambayo sasa nayaandika ili nisiyasahau. Je, mkono unakufa ganzi? Je, kuna kitu kama umeme kinashuka hadi vidoleni? Je, mshiko umelegea, mkasi unaponyoka? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, hakuna zoezi, hakuna Kocha, ni hospitali siku hiyo hiyo. Yote hapana. Ni msuli umekaza tu.

Kuhusu daraja kasema hivi: wacheza mieleka wanalijenga kwa miaka, wakiwa wadogo, kwa mikono ikisaidia. Mtu wa miaka 26 mwenye shingo ya kushonea kulianza kwa uzito wote ni kuzibana pingili zikiwa zimekunjwa nyuma, halafu kuzisaga. Hakusema Kocha kakosea. Kasema, "Kocha wako ana shingo ya miaka arobaini. Wewe una ya wiki mbili."

Nimekaa naye kwenye kibaraza mpaka adhuhuri kwa sababu nilitaka kuelewa, shingo inazuia nini hasa. Kachukua kifungo kikubwa cha koti, kakifunga kwenye ncha ya uzi, kakipiga kidole. Kikaruka hadi kwa jirani. Akachukua kingine nilichokwisha kukishona kwenye kitambaa kizito, akakipiga; kitambaa chote kikajongea kidogo. Ngumi ni ile ile. Kichwa kilicholegea ni kilo tano za kurusha. Kichwa kilichokazwa juu ya mabega ni kilo zako zote 57. Kinachoumiza ubongo ni ule mwendo wa ghafla, hasa kichwa kinapozungushwa, fuvu limekwenda na ubongo unafuata nyuma. Shingo inapunguza mwendo. Haiufuti.

Kwenye simu yake kanisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, wanafunzi 6,704 wa sekondari, wacheza mpira wa miguu, wa kikapu na lacrosse: kwa kila ratili moja ya nguvu iliyoongezeka shingoni, uwezekano wa kupata mtikisiko wa ubongo ulishuka kwa asilimia 5. Nikauliza, mabondia je? Hawakuwamo. Nimeliandika hili makusudi, ili siku nitakayojiona mjanja nisome kwamba waliopimwa hawakuwa watu wanaopigwa kwa kukusudiwa.

Jumapili, 11 Februari

Shingo imerudi. Futi 14, kama kawaida yake.

Wiki hii nimeshona hatamu. Ndivyo ninavyoiita, vijana wanaiita sidiria ya kichwa, na nikiitazama imelala juu ya meza siwezi kuwabishia. Za dukani zinatoka ng'ambo na bei yake ni kodi ya chumba. Yangu ni mkanda wa kiti cha gari kutoka kwa mafundi magari, turubai mara mbili pale panapokaa kwenye paji, sponji ndani, bitana ya pamba ili jasho lisiwashe. Mishono minne kila kiungo, uzi wa viatu. Pembeni mbili nimeacha vitanzi, na kwenye vitanzi kamba, na kwenye kamba kidumu. Uzuri wa kidumu ni kwamba kina mizani ndani yake: lita tatu ni kilo tatu, hakuna hesabu.

Unakaa kwenye stuli, mikono magotini, mgongo umenyooka umeinama mbele kidogo, kidumu kinaning'inia mbele ya kifua. Kichwa kinashuka kwa hesabu ya tatu, kinapanda kwa mbili. Mara 20, pumzika, mara 20, pumzika, mara 20. Hapana kurusha, hapana kusaidia kwa kiuno. Mbele ni kulala chali kwenye benchi kichwa kimetoka nje, kitambaa kimekunjwa juu ya paji, na mwanzoni hakuna uzito zaidi ya kichwa chenyewe. Zile kilo tano zilizonisumbua kwenye cherehani hapa zinafanya kazi yangu. Pembeni ni kulala ubavu. Mwisho ndoo mbili za maji mikononi, mabega yanapanda kuelekea masikioni, yanashuka polepole. Hizo ndoo zinajenga ule msuli mpana unaotoka kisogoni kuteremkia mabegani, na huo ndio unaoonekana ukivaa fulana.

Kocha kaigeuzageuza hatamu, kaivuta, katafuta uzi uliolegea, hakuupata. "Nishonee na mimi."

Jumapili, 25 Februari. Pangani

Nimekuja kumwona Bibi. "Mume wangu umenitupa," ndiyo salamu yake, na kabla sijaketi kashanipa ndoo nikateke maji. Nimeibeba mkononi. Kacheka mpaka kakaa chini.

Ana miaka zaidi ya sabini. Kachukua khanga, kaizungusha ikawa kata, kaiweka utosini, kapandisha ndoo ya lita 20 kwa mkupuo mmoja, goti, nyonga, kichwa, akaondoka huku ananisimulia habari za msiba wa jirani. Maji hayakutikisika. Nilimfuata nyuma nikiitazama shingo yake. Nyembamba! Nyembamba kuliko yangu, mishipa miwili na ngozi. Ujanani watu walimwita shingo ya upanga, na hilo lilikuwa sifa, si kejeli.

Nimejaribu na mimi. Nusu ndoo. Hatua sita, maji yote mgongoni.

Usiku nimemtumia dada wa fizio ujumbe kumwuliza inakuwaje. Kanijibu kwa sauti, ndefu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kijaluo wa Kenya: waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Si asilimia 20 ya nguvu, hapana, sifuri. Wajaluo kwa kichwa, Wakikuyu kwa mkanda uliopita juu ya paji. Mkanda juu ya paji! Nimeshona kitu ambacho akina mama wa Kikuyu walikuwa nacho zamani, tena wao walikuwa wakichukulia kuni, si kidumu cha kujifurahisha.

Siri yao, anasema, iko kwenye mwendo zaidi ya kwenye unene: namna mwili unavyobembea hatua kwa hatua bila kupoteza kitu. Na shingo inajifunza kukaa katikati. Misuli midogo, ile ile ya kijiko cha dawa. Nimelala nikiwaza kwamba ninachokipima kwa futi ni nusu tu ya jambo, pengine nusu ndogo. Lakini ndoo haikupigi ngumi. Bibi hana haja ya unene.

Kabla ya kuondoka kanitazama vizuri, kanishika shingo. "Wanakulisha nini huko? Umeanza kuwa kama fahali." Huyo ndiye wa kwanza kuona.

Jumapili, 3 Machi

Futi: 14¼. Nimepima mara tatu. Kidumu sasa ni lita tano.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Mazoezi baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki, vidumu nimerudisha lita tatu. Kwenye meza kuna vitambaa vya kanzu 31 na Mjomba bado anapokea.

Alhamisi, 28 Machi

Saa tisa kasoro usiku. Kanzu ya 22. Macho yanaona uzi mbili mbili. Kila nikimaliza upande mmoja wa kanzu nasimama, mgongo ukutani, kidevu ndani, mara kumi, na ninakaa. Mwaka jana wiki hii nilikuwa natembea na dawa ya kuchua mfukoni, harufu yake imeingia hadi kwenye kanzu za watu. Mwaka huu sijaigusa. Sijui kama ni shingo au ni ujinga wa kusinzia.

Jumatano, 10 Aprili

Idi mosi. Tumelala kama magogo kuanzia baada ya swala. Jioni kaja mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi, kavaa shati nililomshonea mimi la mikono mirefu, kola imefunguliwa. Idi mubarak, idi mubarak, kisha kanivuta pembeni ili Mjomba asisikie. "Mwanangu, kila shati lako linaninyonga. Kifua sawa, mkono sawa, shingo kamba. Au mimi ndiye ninayenenepa shingo?" Nikamwambia labda kitambaa kimejikunja kwa kufuliwa. Kwenye koo langu neno hilo halikupita vizuri, maana ni mteja wa tatu mwaka huu.

Jumapili, 14 Aprili

Lazima niandike hili lote kabla sijalisahau, ingawa mvua inapiga bati sisikii hata kalamu.

Asubuhi nimejipima: 14½. Furaha. Nikatoka nje kumwonyesha Mjomba, futi yangu nimeiacha ndani, nikachukua mpya ambayo kijana anayejifunza kanunua juzi sokoni. Nikapima tena mbele yake: 14¾.

Shingo haiwezi kunenepa robo inchi kati ya chumba na kibaraza. Tukazilaza futi mbili sambamba juu ya meza, ncha kwa ncha. Inchi 10 zinaanza kuachana. Inchi 30 zimeachana nusu. Mwisho, kwenye 60, ya zamani imeipita mpya karibu inchi nzima. Mjomba kaleta rula yake ya mbao ya yadi, ambayo haigusi mtu mwingine. Mpya ndiyo ya kweli. Futi yangu, ya kitambaa, ninayoivaa shingoni kutwa miaka sita na kuivuta kwenye vifua vya watu wazima, imevutika. Inchi zake ni ndefu kuliko inchi za Mungu, kwa hiyo kila kitu inakitaja kidogo kuliko kilivyo.

Na kola! Kifua nakipima kwa futi hiyo na kukikata kwa futi hiyo hiyo, kosa linajifuta. Mkono vivyo hivyo. Lakini kola naipima kwa futi na kuikata kwa karatasi za Mjomba, ambazo yeye alizichora kwa rula ya mbao. Shingo ya kweli ya 16¼ mimi nasoma 16, nachukua karatasi ya 16, na mzee wa watu ananyongeka siku ya Idi. Tumekaa kimya wote wawili. Mjomba kachukua mkasi, kaikata futi yangu vipande vinne, kavitupa kwenye ndoo ya mabaki. Kisha kasema nimwite mzee alete mashati yake yote.

Nimepiga hesabu ya mambo yangu. Januari niliposema 14 ilikuwa 14¼. Ongezeko ni lile lile, nusu inchi. Ila hata siku ile nilipolazwa chini sikuwa na shingo nyembamba kiasi nilichoandika.

Jumapili, 5 Mei

Jana kimbunga Hidaya kimetushika ndani. Hapa kwetu upepo na mvua tu, sokoni hakuna mtu. Kocha kaja kunywa chai kwenye kibaraza, na akiwa hana mazoezi ya kusimamia anasimulia.

Kasimulia habari za Robert Wangila. Mkenya, dhahabu ya ngumi Seoul 1988, uzani wa welta, fainali kamtwanga Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Medali zote nyingine za dhahabu za Kenya kwenye Olimpiki ni za riadha. Ya ngumi ni hiyo moja. Baadaye akaingia ngumi za kulipwa Marekani. Julai 1994, Las Vegas, pambano na David Gonzales likasimamishwa raundi ya tisa. Siku mbili baadaye akafariki kwa damu iliyovujia kwenye ubongo.

Alikuwa na miaka 26. Kocha hakusema "kama wewe". Kanywa chai.

Nilitaka kumwuliza shingo yake ilikuwaje. Nikaona ni swali la fundi cherehani: mtu kafa, unauliza namba ya kola.

Jumamosi, 18 Mei

Leo tena na yule wa mkono wa kushoto. Kocha katuweka raundi tatu, saa mkononi, jicho kwangu.

Raundi ya kwanza ile ngumi ilikuja. Niliiona ikitoka kiunoni kwake, nikauma meno, kidevu kikaingia, mabega yakapanda yenyewe kama nimeshika zile ndoo. Ikatua mahali pale pale pa Januari. Kishindo nilikisikia hadi kwenye magego lakini ukuta niliokuwa nikiutazama uliendelea kuwa mbele yangu. Ndivyo ninavyoweza kuieleza: ukuta haukuhama. Yeye mwenyewe alisita nusu sekunde, akitazama glovu yake.

Hapo nikaanza kujipenda. Raundi ya pili nikawa naziacha ngumi zinikute makusudi, moja, mbili, kuonyesha. Kocha akapiga kelele nisizisikie. Mwishoni nilitazama pembeni, sijui nini, nadhani nilitaka kuona kama vijana wananiona, na ile ya kushoto ikanifikia nikiwa nimelegea. Sikuanguka. Lakini magoti yaliondoka, na nikashika kamba, na ukuta ule ulizunguka kama feni.

Kocha kasimamisha. Hakunikemea. Kachukua kifungo kutoka kwenye fulana yangu ya mazoezi, kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, kakikata, kanipa. Sikumwambia kwamba dada wa fizio alishanionyesha mchezo wa vifungo. Sijui wamezungumza lini. Siku 30 nyingine za kutopigana kanipa, "kwa ujeuri, si kwa kichwa", ingawa naamini ni kwa kichwa.

Jumapili, 9 Juni

Kidumu lita saba. Kulala chali sekunde 48. Sijapigana. Kocha kavaa hatamu niliyomshonea na kukaa nayo kwenye stuli robo saa bila kidumu, akisoma gazeti.

Jumapili, 30 Juni

Futi mpya: 15. Kutoka 14¼ ya kweli, robo tatu inchi kwa miezi sita. Uzito bado kilo 57.

Mashati ya mzee yamekwisha, yote saba. Kola mpya, hatukumtoza. Alipojaribu la mwisho kafunga kifungo cha juu mbele ya kioo, kageuza kichwa kulia, kushoto, kama ndege anayetafuta mtego, kisha kamwambia Mjomba kwamba shingo yake imepungua, ashukuriwe Mungu. Mjomba kamwitikia amina.

Jumamosi ijayo nimealikwa harusini. Nimelitoa shati langu jeupe, nililojikatia mwenyewe mwaka 2021 kwa karatasi ya 14. Mabega sawa, kifua sawa, kifungo cha juu hakifiki kwenye tundu lake. Nimekitatua, nikakisogeza pembeni hadi karibu na ukingo. Kilipotoka pamebaki vitobo vinne na alama ya duara, nyeupe kuliko shati lenyewe.